Askari, fakteri, fundi wa kamioni: maisha ya wazee wa Force Publique katika miji midogo ya mashariki

Wakaaji wa Bukavu wanataja Kambi Saio kila siku, lakini ukiuliza Saio ni nani ao ni wapi, si wengi watakaojibu. Wengine wanadhani ni jina la mkubwa fulani wa zamani. Saio ni mji. Uko magharibi mwa Ethiopia, na leo unaitwa Dembidolo. Mwezi wa Julai 1941, jeshi la Italia lililokuwa pale, pamoja na jenerali wake Pietro Gazzera, lilijisalimisha mbele ya askari waliotoka Kongo. Askari wale walipitia upande wa Aba na Juba, wakafuata mto Nil, kisha wakapanda milima ya Abisinia.

Ushindi wa Saio umeandikwa katika vitabu na kuchongwa kwenye mawe ya ukumbusho. Kile ambacho hakikuandikwa sana ni maisha ya wazee wale waliporudi nyumbani. Wengi hawakurudia jembe. Walibaki katika miji midogo, karibu na ofisi ya serikali, na huko walifanya kazi walizojifunzia jeshini: kulinda, kupeleka barua, kuendesha kamioni, kutengeneza mashine. Kwa miaka mingi ni wao waliounganisha vijiji na dunia ya mbali. Familia nyingi za mashariki zina babu wa namna hiyo, na kwa wengi kilichobaki ni picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe.

Miaka saba ya Bula Matari

Force Publique ilianzishwa katika miaka ya 1880, wakati Kongo ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili. Ilikuwa jeshi na polisi kwa pamoja: siku moja inalinda mpaka, siku nyingine inakusanya kodi ao kuzima maasi. Hiyo ndiyo sababu jina la askari lilibeba mambo mawili katika vijiji, heshima na woga.

Kijana hakuingia sikuzote kwa kupenda. Kila eneo lilipaswa kutoa hesabu fulani ya vijana, na mara nyingi sultani wa kijiji ndiye aliyeonyesha kwa kidole nani aende. Muda wa kazi ulikuwa miaka 7. Kijana wa Maniema angeweza kupelekwa Équateur, na wa Ituri akajikuta Kasai, kwa sababu wakubwa walipenda kuchanganya makabila ili askari wasishirikiane na watu wa kwao. Amri zilitolewa kwa Lingala. Ndiyo maana mzee wa Kivu aliyekuwa jeshini alitambulika haraka: akikasirika, Lingala inatoka kwanza.

Maisha ya kambi yalikuwa na utaratibu mkali. Baragumu asubuhi, mazoezi, usafi, na fimbo kwa mwenye kosa. Lakini askari aliishi na mke na watoto ndani ya kambi, na watoto wale walikua wakisema lugha mbili ao tatu. Kupanda cheo kulikuwa na mwisho. Mkongomani aliweza kuwa kaporali, kisha sajini, na kuendelea katika vyeo vya chini. Kuwa afisa, hapana. Mpaka siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, maafisa wote walikuwa wazungu.

Hata hivyo jeshi lilikuwa pia shule ya kazi za mikono. Lilihitaji mashofere, mafundi wa mashine, watu wa telegrafu, wauguzi, maseremala, washona nguo na makarani. Jean-Désiré Mobutu mwenyewe aliingia pale akiwa kijana, akafundishwa ukarani, na alipotoka mwaka wa 1956 akaingia kazi ya magazeti. Wenzake wengi walitoka na ujuzi mwingine: mikono iliyozoea vifungulio na oili.

Kutoka Tabora hadi Burma

Kizazi cha kwanza cha askari hawa kilipigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Walivuka mpaka wa mashariki, Kigali ikaanguka Mei 1916, na tarehe 19 Septemba 1916 wakaingia Tabora, katika nchi inayoitwa leo Tanzania. Wakati ule makamioni yalikuwa machache sana. Kila kitu kilibebwa kichwani: risasi, unga, dawa, hata sehemu za mizinga. Wapagazi waliochukuliwa katika miaka ile ya vita walipita laki mbili. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na ugonjwa, na si kwa risasi. Watu wa Kivu, Maniema na Tanganyika walilipa sehemu kubwa ya deni lile.

Kizazi cha pili kilikuta vita vyenye mashine. Mwaka wa 1941 ilikuwa Abisinia: Asosa na Gambela mwezi wa Machi, kisha Saio mwezi wa Julai. Taabu kubwa haikuwa adui peke yake. Chakula kilitoka mbali sana, mvua ilikata njia, na kuhara damu pamoja na beriberi viliangusha watu. Shofere aliyefaulu kupitisha kamioni ya mchele aliokoa watu kuliko mwenye bunduki.

Baadaye kikosi kikubwa kilipelekwa Nigeria. Mwaka wa 1943 kikahamishiwa Misri, na sehemu ya magari yake ilipita nchi kavu, kupitia Chad na Sudan. Fikiria kijana aliyekua msituni, akiongoza kamioni ndani ya mchanga siku nyingi mfululizo. Injini inachemka, maji ni ya kupima, upepo unajaza vumbi kila tundu. Pale hakuna garaji. Gari likipata pane, shofere na fundi wake ndio wanaolala nalo. Wengine walifika Palestina. Na kundi la hospitali ya jeshi, lenye waganga Wabelgiji na wauguzi Wakongomani, lilipitia Kenya na Madagaska hadi Burma, likihudumia majeruhi wa jeshi la Uingereza.

Kurudi kwenye nchi iliyochoka

Mwaka wa 1945 askari walianza kurudi. Walikuta nchi imechoka. Wakati wao wako mbali, serikali ya kikoloni iliongeza siku za kazi ya lazima kwa watu wa vijiji, kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Watu walirudishwa msituni kutafuta mpira wa mwitu, kazi ambayo wazee wao waliikumbuka kwa machozi. Kwa hiyo mwenye medali kifuani aliingia kijiji ambamo wengine nao walikuwa na vidonda vyao, na hakuna aliyewapa medali.

Tena, alikuwa amebadilika. Alikuwa ameona wazungu wakikimbia na wazungu wakifungwa. Lakini nyumbani alipaswa kukaa upande wa site ya weusi, na kusimama pembeni mbele ya karani mdogo wa kizungu. Kurudi chini ya mamlaka ya sultani wa kijiji kulikuwa vigumu kwa mtu aliyeagiza wenzake kumi. Ndiyo sababu wengi walijenga karibu na makao makuu ya eneo. Serikali na makampuni nayo yaliwatafuta, kwa kuwa walijua saa, amri na karatasi. Wengi wakawa mapolisi wa eneo, walinzi wa depo, makapita wa njia, ao planto, yaani mjumbe anayekaa mlangoni pa ofisi na kupeleka makaratasi.

Gunia la barua

Kutoka uplanto kwenda posta ilikuwa hatua fupi. Posta ya Kongo ilikuwa na tembo zake tangu mwaka wa 1886, na mapema kabisa barua zilikuwa zikisafiri kwa mashua na kwa miguu ya watu. Kati ya 1920 na 1922 zilipanda hata ndege za kutua majini, katika laini iliyofuata mto hadi Stanleyville, ni kusema Kisangani. Lakini ndege haikufika kila fasi.

Angalia barua iliyotoka Kisangani kwenda Kalemie, mji ulioitwa Albertville, katika miaka ya kwanza ya reli. Inapanda treni hadi Ubundu. Pale inashuka, inaingia mashua hadi Kindu. Inapanda treni tena hadi Kongolo, mashua hadi Kabalo, na treni ya tatu hadi kwenye ziwa. Kama mwenyewe anakaa Uvira, bado kuna meli ya Tanganyika. Kama anakaa Bukavu, kuna njia ya mlima. Na kama anakaa misheni ya ndani, kuna mtu mmoja mwenye gunia.

Mtu huyo ndiye fakteri. Katika miji midogo kazi yake haikuwa kugonga kila mlango. Nyumba hazikuwa na namba, na wenye haja ya barua walikuwa na sanduku lao kwenye posta, ile B.P. inayojulikana. Yeye alipokea gunia kutoka kwenye kamioni ao treni, akahakikisha limefungwa sawasawa, akahesabu barua za kutiwa sahihi, akapanga zilizobaki kwenye masanduku. Kisha akapanda kinga yake ao akashika njia kwa miguu, kupeleka zile za vituo vya mbali: misheni, shamba la kahawa, mgodi, shule, korti ya sultani. Mvua ikinyesha, gunia linavikwa turubai kabla ya mtu.

Kwa kazi hiyo, askari wa zamani alifaa. Alizoea kutembea. Alijua kwamba kitu cha serikali hakiachwi njiani. Ndani ya gunia mlikuwa na vitu vizito: mshahara wa mwalimu, hukumu ya korti, habari ya kifo, na zile manda ambazo wafanyakazi wa migodi waliweza kutumia falanga kwa wazazi wao. Ambaye hakujua kusoma alifunguliwa barua yake hapohapo, mbele ya mtu aliyemwamini. Fakteri mwenye kusoma alijua siri za kijiji kizima, na ubora wake ulipimwa kwa ukimya wake. Bibi ameletewa habari mbaya, lakini soko halijui mpaka yeye mwenyewe aseme.

Hata leo shule na parokia nyingi za mashariki bado zinaandika B.P. na namba yake juu ya barua, hata fasi ambako sanduku lenyewe halifunguliwi tena.

Chini ya kamioni

Mshahara wa posta haukutosha watoto wanane. Jioni na Jumamosi, mzee mwenye ujuzi wa mashine alikuwa na kazi ya pili. Garaji ya mji mdogo haikuwa na ukuta. Ilikuwa kivuli cha mwembe, shimo la kuingia chini ya gari, pipa la oili nzee, na sanduku la vifungulio lililofungwa kufuli.

Kaskazini mashariki, kampuni ya Vicicongo ilikuwa na reli na pia makamioni yaliyounganisha eneo kubwa. Kusini zaidi, wafanyabiashara na mashamba walikuwa na magari yao. Njia nyingi zilikuwa za udongo, na kwenye milima kama Kabasha upande wa Lubero, ao Ngomo kati ya Bukavu na Uvira, shofere anajua kwamba fre ndiyo maisha yake. Gari la wakati ule lilikuwa rahisi kuelewa: bujii, karburateri, batri, na manivele ya kuzungusha kwa mkono batri ikifa. Mtu mwenye masikio mazuri aliweza kusikiliza injini na kusema ugonjwa uko wapi kabla hajafungua kitu.

Shida ilikuwa vipande vya kubadilisha. Kipande kikivunjika, kuagiza kipya ni kungojea miezi. Kwa hiyo fundi alijifunza kufanya na kile kilichopo. Resori imevunjika: anakata nyingine kutoka gari lililokufa. Kiziba cha injini kimeungua: anachonga kingine kwa ngozi ao karatasi ngumu. Mpira umepasuka na hakuna wa badala: anaujaza majani makavu, na gari linatembea polepole hadi kijiji kinachofuata. Wakati esansi ilikuwa haba, hasa wakati wa vita, magari mengine yaliwekewa tanuri la makaa ya kuni, na moshi wake ndio uliosukuma injini.

Maarifa haya hayakuandikwa popote. Yalipita kutoka mkono hadi mkono. Kijana analetwa na baba yake, anaanza kwa kuosha vipande na esansi, anapigwa kelele mwaka mzima, mwaka wa pili anaruhusiwa kushika kifungulio. Mafundi wengi wa leo, wanaotengeneza pikipiki na magari yaliyotumiwa kando ya njia za Goma, Butembo, Bunia ao Kindu, ukiuliza nani aliwafundisha, na nani alimfundisha yule, njia hiyo mara nyingine inarudi nyuma mpaka kwenye kambi ya askari.

Uhuru, na pensioni iliyoyeyuka

Siku tano baada ya uhuru, tarehe 5 Julai 1960, askari waliasi Léopoldville na Thysville. Moja ya sababu ilikuwa ile ile ya zamani: wazungu walibaki juu, na Mkongomani haoni cheo. Jeshi likabadilishwa jina, maafisa weusi wakateuliwa haraka. Lakini mzee aliyetoka jeshini miaka kumi ao kumi na tano mbele hakupata kitu katika mabadiliko yale.

Kisha zikaja shida nyingine. Vita vya Simba mwaka wa 1964 vilifika katika miji mingi ya mashariki, na mtu aliyejulikana kuwa wa serikali alikuwa hatarini. Posta nazo ziliporwa, makaratasi yakachomwa.

Waliopona na kuwa na pensioni ao akiba waliona falanga yenyewe inayeyuka. Mwaka wa 1967 zaire 1 ilichukua nafasi ya falanga 1.000. Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa kwa ghafla, na wakaaji walipewa siku chache tu za kuzibadilisha. Aliyekaa mbali na banki, na akiba yake iko ndani ya mto wa kulalia, alibaki na karatasi. Mwaka wa 1993 zaire mpya 1 ikahesabiwa kuwa zaire milioni 3 za zamani. Mwaka wa 1998 falanga ya Kongo ikarudi, 1 kwa zaire mpya 100.000. Hesabu ni rahisi kufanya: hakuna pensioni iliyoandikwa kwa falanga za ukoloni ambayo ingeweza kuvuka mito hiyo yote na kufika ngambo ikiwa na kitu.

Posta pia ilidhoofika. Jina la ofisi lilibadilika mara kadhaa, mpaka kufikia SCPT ya leo, lakini katika miaka ya 1990 barua nyingi hazikupita tena kwake. Zilipita kwa mashofere, mapadri, wachungaji na watu wa ndege. Habari za haraka zilipita kwenye fonia, mtu akipiga kelele jina la kijiji na kungojea sauti ijibu. Simu za mkononi zilipofika, gunia la fakteri lilikuwa limekwisha kutundikwa ukutani.

Heshima iliyochelewa

Tarehe 8 Juni 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alikuwa Kinshasa. Mbele ya jiwe la ukumbusho la askari wa zamani, alimpa nishani kaporali Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100 aliyefika Burma wakati wa vita. Picha zilizunguka dunia. Watu wengi walifurahi, na wengine waliuliza swali la haki: na wale wengine? Nishani ilifika miaka 77 baada ya vita kwisha. Katika miji ya mashariki, wengi waliostahili kusimama pale walikuwa wamekwisha kuzikwa, mara nyingi bila bendera na bila risasi ya heshima.

Makaratasi mengi ya utawala wa kikoloni yalipelekwa Ubelgiji wakati wa uhuru. Yale yaliyobaki nyumbani yaliliwa na mchwa, yalipotea katika kukimbia vita, ao, kama Goma mwaka wa 2002, yalifunikwa na moto wa Nyiragongo. Kwa hiyo kila kilichobaki ndani ya sanduku la familia kina thamani.

Familia yenye babu wa namna hii inaweza kufanya mambo machache bila falanga nyingi. Kwanza ni kutafuta kitabu chake cha askari na namba yake ya matrikule, kwa kuwa namba hiyo ndiyo inayosaidia kumtambua mtu katika karatasi za jeshi kuliko jina, ambalo liliandikwa kila mara namna nyingine. Pili ni kupiga picha za kila karatasi kwa simu, mbele na nyuma, na kumtumia ndugu anayekaa mji mwingine. Tatu ni kuandika nyuma ya kila picha ya zamani majina ya watu, fasi na mwaka. Nne ni kuwauliza wale waliomjua angali hai: mama wa miaka 80 anayekumbuka kinga ya posta ikipita, fundi mzee aliyeoshea vipande chini ya mwembe.

Waulizwe alitoka wapi, alifika wapi, alirudi na nini, alimfundisha nani. Majibu yaandikwe kwa lugha yoyote wanayoisema, pamoja na majina ya njia alizopita na magari aliyotengeneza. Saio imepata jina lake kwenye lango la kambi. Askari waliofika kule na kurudi, wengi wao majina yao yako bado katika vichwa vya wazee tu.